Kabla hujasaini mkopo

Mwanangu,

Nimelisoma daftari ulilosahau mezani, lile la duka lako la maziwa, na usingizi ukanikimbia. Umeandika "wateja wapya 40" kwa wino mwekundu, ukapiga mistari miwili chini. Sawa. Waliorudi ni wangapi? Nimefungua kurasa zote, sijaona.

Nikachukua karatasi za malipo ya till nikazipitia jina kwa jina hadi tokeni za stima zikaisha. Mwezi wa tatu ulianza na wateja 80, ukamaliza na 95. Toa hao wapya 40, wamebaki 55. Basi katika wale 80 wa mwanzo, 25 hawakurudi, karibu mmoja kwa kila watatu. Na Jumatatu unakwenda Kisumu kusaini mkopo wa duka la pili pale Kondele?

Kuandika unaandika vizuri, hilo silikatai. Hata maziwa yaliyoharibika yana tarehe. Baba yako amewaonyesha wenzake wa chama. Lakini matangazo ya Facebook na vile vikaratasi vilikula 12,000. Gawanya kwa 40: kila mgeni umemnunua kwa shilingi 300. Faida yako kwa lita ni 20. Lazima anunue lita 15 ndipo pesa yako irudi, na hapo bado hujala hata senti yake. Aliyekuja mara mbili akapotea amekuachia hasara.

Dada yako alinisomea habari za Fred Reichheld, Mmarekani aliyeleta mwaka 2003 swali la kuwauliza wateja: kutoka 0 hadi 10, ungemwelekeza rafiki yako hapa? Unachukua asilimia ya waliosema 9 na 10, unatoa asilimia ya waliosema 0 hadi 6. Swali zuri. Ila watu wetu watakupa 10 kwa adabu, halafu maziwa wanunue kwa jirani. Wewe angalia nani amerudi.

Wapigie simu hao 25 kabla ya Jumatatu. Wawili nimekutana nao sokoni, wanasema asubuhi wanakuta mlango umefungwa. Zile siku nilizosema nitakufungulia, nyingine nilipitiliza kwenye maombi. Na kibanda changu cha nguo, nyote niliwaambia ni kodi iliyonifungia. Kodi haikuwa kubwa. Nilikuwa nahesabu wanaoingia tu.

Joto la Kisumu si la Nakuru, maziwa hayatakungoja stima irudi. Uliza bei ya jenereta kabla ya bei ya chumba. Lakini kwanza hao 25, mwanangu. Wapigie.

Baba yako mgongo umemshika tena, amekataa kwenda hospitali mpaka umpeleke wewe. Gesi imeisha. Na ukija Jumapili urudishe ile sufuria kubwa, shangazi yako ana wageni Jumanne.

Mama yako