Bei nafuu ya stima ya usiku ifike majumbani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa muda mrefu limeachiwa wenye viwanda, nalo ni bei nafuu ya stima ya usiku. Tangu Desemba 2017, wafanyabiashara na wenye viwanda hapa Kenya wanaoongeza matumizi yao kupita kiwango walichowekewa hupunguziwa nusu ya bei ya umeme wanaotumia kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi. Aprili 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ilipotoa bei mpya, magari na pikipiki za umeme nazo zilipata fungu lao: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 katika saa ambazo matumizi ni madogo. Mwananchi wa kawaida nyumbani kwake hakukumbukwa. Apige pasi saa moja jioni au saa kumi alfajiri, uniti yake ni bei ile ile.

Sisi tunaoishi Mombasa tunajua vizuri kinachotokea jioni, kwa sababu mitambo ya Kipevu na Rabai inayochoma mafuta kuzalisha umeme iko karibu nasi. Ikifika saa moja, watu wamerudi kutoka kazini, taa na televisheni zimewashwa, maji ya kuoga yanachemshwa na nguo za kesho zinapigwa pasi, yote kwa wakati mmoja, na hapo ndipo mitambo hiyo ghali hutegemewa zaidi. Gharama ya mafuta hayo hugawanywa kwa kila uniti tunayonunua, hata iwe ni ya mzee anayezima taa yake mara tu baada ya swala ya isha. Usiku wa manane mambo hugeuka: mvuke wa ardhini unaozalisha umeme kule Olkaria, ambao haujui usiku wala mchana, wakati mwingine huachiliwa hewani kwa kukosa mtumiaji, na upepo unaozungusha mitambo ya umeme ya Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, huvuma kwa nguvu wakati nchi imelala.

Katika jengo tunamoishi familia nane, maji hupandishwa kwenye tangi la juu kwa pampu ya nguvu ya farasi mmoja, yaani takriban wati 750. Zamani iliwashwa wapangaji waliporudi jioni na kukuta mifereji mikavu. Stima ya saa hizo ni dhaifu mtaani kwetu. Taa zilififia, pampu ikanguruma bila kusukuma maji vizuri, na mota yake ikaungua mara mbili. Tukachanga, tukamwita fundi, akatufungia saa ya kuwasha na kuzima, na sasa pampu huanza kazi saa nne na nusu usiku, tangi likajaa kabla ya saa sita. Mota haijaungua tena. Bili, hata hivyo, haikupungua hata kwa senti moja, ingawa tumeondoa mzigo wetu katika saa ngumu kabisa. Nyumba 10,000 zenye pampu kama yetu zikifanya hivyo, ni megawati 7.5 zinazoondoka kwenye msongamano wa jioni.

Jirani yangu, mama anayeuzia watoto barafu za ubuyu, naye amejaribu kuzima friza yake kuanzia magharibi, biashara inapokwisha, hadi saa nne. Ikiwa imejaa na haifunguliwi, barafu hukaa ngumu kama jiwe. Aliniuliza atapata nini kwa kufanya hivyo, nami sikuwa na jibu.

Sisemi watu wapike chakula cha jioni usiku wa manane, wala watoto waache kusoma, na katika mwezi wa Ramadhani futari haiwezi kuahirishwa. Nazungumzia kazi zinazoweza kungoja: pampu, pasi, mashine ya kufua, hita ya tangi la maji. Najua pia kwamba mita nyingi za tokeni zilizo majumbani huhesabu uniti bila kujali saa, na kwamba kuzibadilisha zote ni gharama kubwa ambayo haifai kutwikwa mteja.

Kwa hivyo naiomba EPRA, itakapopitia bei tena, iweke bei ya usiku kwa wateja wa nyumbani, ianze na wale ambao tayari wana mita zinazosoma matumizi kwa saa, na majengo ya kupangisha yenye pampu za pamoja yawe miongoni mwa ya kwanza kufungiwa mita hizo. Naomba pia vikao vya kukusanya maoni vifanyike hapa Pwani, kwa Kiswahili, na saa ambazo wauza barafu na walinzi wa majengo wanaweza kuhudhuria, kwa sababu hao ndio wanaoshika swichi.

Mkazi wa Kisauni,
Mombasa