Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Habari ya Kabati la Diski

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya kompyuta kongwe,

Ya mwaka huu ni mengi, lakini lililotugawa ni moja tu, kwa hiyo mengine nayapitia haraka. Hesabu ataisoma mhazini. Ada zimeingia kwa kusuasua kama kawaida yetu. Masika yaliingiza unyevu chumbani, na diski kadhaa za inchi 5.25 zimeota ukungu. Ukungu huo ukishika kichwa cha kusomea, unaharibu na diski inayofuata. Tafadhalini, tuache ile "hebu tujaribu tu".

Sasa kabati. Mnajua kamati ililipiga kufuli mwezi Mei, ili programu za zamani zilizomo zisinakiliwe bila ruhusa ya wenye haki, na maneno yaliyofuata mnayajua. Mzee mmoja wetu aliniambia usoni kwamba nimegeuka askari wa kampuni zilizokwisha kufa. Sikumjibu siku ile. Namjibu leo, mbele yenu.

Chanzo ni Osborne 1 ya mwanachama wetu wa Mwanza. Ni mashine ya mwaka 1981, ya kubebeka kwa maana ya wakati ule: kilo 11. Nchi hii ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta tangu 1974, kwa hiyo mnaelewa zilivyo adimu kwetu mashine za umri huo. Diski zake zilikuwa zimekufa, akaomba tumnakilie zetu. Osborne iliuzwa pamoja na CP/M, mfumo wa kuendeshea kompyuta, WordStar ya kuandikia na SuperCalc ya hesabu. Zote tunazo, tena ndani ya bahasha moja.

CP/M ilitoka kwa Gary Kildall na kampuni yake ya Digital Research. Novell waliinunua kampuni hiyo 1991, mwaka 1996 mali ile ikaenda Caldera, kisha Lineo. Mwaka 2001 Lineo walitoa ruhusa ya kuisambaza, ila kwa maneno ambayo wengi waliyasoma kuwa ni ruhusa ya tovuti moja tu. Ubishi ukaendelea zaidi ya miaka 20, hadi Bryan Sparks wa kampuni ya DRDOS, aliyeshika haki hizo, alipoandika mwaka 2022 kwamba yeyote anaweza kuitumia, kuibadili na kuisambaza. Hiyo tuliinakili siku ileile ikaenda Mwanza.

WordStar ni mtihani. Walioitoa, MicroPro, walibadili jina wakawa WordStar International, wakaingia SoftKey mwaka 1994, SoftKey wakajiita The Learning Company, na 1999 wakanunuliwa na Mattel. Ndiyo, haohao wa midoli ya Barbie. Baada ya hapo kampuni ikauzwa tena. Dukani programu hiyo haipo, na ruhusa ya mwenye haki ya kuigawa sijaiona. Wengi mlinitajia Robert J. Sawyer, mwandishi wa Kanada, ambaye mwaka 2024 alikusanya WordStar 7 na vitabu vya maelekezo yake akaviweka hadharani kila mtu avichukue. Nami namshukuru moyoni. Lakini Sawyer hana Msajili wa Jumuiya wa kumwandikia barua ya kujieleza. Sisi tunaye.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama maandishi mengine: uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Marekani, kazi ya kampuni inalindwa miaka 95 tangu itolewe. WordStar ya kwanza ilitoka 1978, hesabuni wenyewe: huru mwaka 2074. Mwenye diski itakayosomeka mwaka huo anionyeshe. Wenzetu wa Unguja wana sheria yao na COSOZA yao, chombo chao cha hakimiliki, wasidhani wamepona. Neno "kutelekezwa", kwa programu zisizouzwa tena, tunalitumia sisi wapenzi wa mashine. Haki haifi kwa sababu mwenyewe ameacha kuuza. Kiwanja cha Kigamboni kinaweza kukaa miaka 20 kikiota majani. Anza kuchimba msingi uone mwenyewe atakavyotokea, na hati mkononi.

Naona sheria imekosea hapa, kulinda kitu hadi kioze. Hata hivyo, kuuliza kunasaidia kuliko tunavyodhani. Amstrad walipoulizwa kuhusu ROM za Spectrum, yaani programu zilizokaa ndani ya kompyuta hizo za zamani, mwaka 1999 walikubali zisambazwe na viigizi, programu za kuiga mashine hizo, mradi alama ya hakimiliki ibaki na zisiuzwe. Microsoft wameachia MS-DOS za mwanzo, mfumo wao wa zamani wa kompyuta, kwa leseni huria 2018, na toleo la 4.00 mwaka 2024.

Kamati inaomba azimio, na kura ipigwe kabla ya chakula: kabati liwe na rafu mbili. Ya juu ni ya programu zenye ruhusa iliyoandikwa, na nakala ya ruhusa ikae ndani ya bahasha. Ya chini ni ya zisizo na ruhusa, nazo hazitoki. Kuzisoma diski za chini na kutunza nakala kwa ajili ya kabati lenyewe tutaendelea. Tukihojiwa kwa hilo, nitajibu mimi. Katibu ataandika barua kwa wenye haki, moja kila mwezi, akianza na WordStar.

Ndugu wa Mwanza mashine yake inawaka. Kwa kuwa WordStar hatukumpa, barua ya shukrani ameiandika kwa ED, kihariri cha maandishi kilichokuja na CP/M yenyewe, ambacho aliyewahi kukitumia hatamani kukirudia. Ina mistari mitatu, na wa pili umekatika katikati.