Mafundi, ifungueni kabureta kabla ya kuitupa

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wa pikipiki wa hapa Pemba, na wote wenye vyombo vya zamani vilivyolala mabandani.

Mimi ni mshonaji, nakaa Jadida, Wete. Marehemu mume wangu alikuwa bwana shamba, na chombo chake kilikuwa Honda CG 125 nyekundu, akiendea Konde na Micheweni kukagua mikarafuu. Honda walianza kuitoa aina hiyo mwaka 1976, wakiikusudia nchi kama zetu, ivumilie vumbi na matunzo machache. Alipofariki mwaka 2009 tuliifunika magunia tukaiweka bandani, na petroli nusu tangi. Hapo ndipo tulipokosea.

Mwaka huu mtoto wa shemeji yangu kapata kazi ya kusomesha Mtambwe, nikamwambia achukue pikipiki ya baba yake mdogo. Tukaikokota kwa fundi. Alinusa tangi tu, hata bisibisi hakushika, akasema kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, imekufa, tununue mpya. Tukanunua. Mpya ikavuja siku ya pili, na pikipiki haikuwaka asilani. Nikamwomba ile ya zamani, akaitoa kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Nikaifungua mwenyewe, uani, mbali na jiko. Nina miaka 30 na cherehani, na mafuta yaliyolala nayajua: hugeuka gundi. Petroli nayo ni hivyo hivyo. Iliyo nyepesi huruka, unabaki utomvu kama asali iliyoungua, unanuka vanishi. Jeti ndogo, kile kipande chenye kitundu kinachoilisha injini petroli inaponguruma bila kuvutwa mafuta, niliielekeza juani nikachungulia: giza tupu. Kijana akachukua sindano yangu alizibue tundu, nikamshika mkono. Jeti ni ya shaba, laini. Chuma kitalipanua tundu, na likishapanuka pikipiki itakunywa mafuta kupita kiasi. Tukairoweka usiku kucha katika dawa ya kusafishia kabureta, asubuhi nikapitisha uzi mmoja uliochomolewa ndani ya waya wa umeme, kisha mziba pancha akaipuliza kwa upepo. Nikaielekeza tena juani. Nukta ya mwanga, duara kamili. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Tangi lilitusumbua zaidi. Hewa yetu ina unyevu wa bahari, na tangi likiwa nusu tupu unyevu hushika bati kwa ndani, ndiyo kutu. Petroli mbovu sikuimwaga, kisima chetu kiko hatua chache tu. Fundi wa baskeli aliichukua kusafishia minyororo. Tukajaza siki, tukatia nati ndogo ndogo gao zima, siku mbili tunapokezana kulitikisa. Ikatoka kama chai ya rangi. Tukasuuza kwa maji ya magadi kuua ukali wa siki, tukalianika, kisha tukazungusha mafuta kidogo ya injini ndani. Koki ya kufungia petroli tuliisafisha, mpira wa mafuta tukanunua mpya.

Ikawaka. Lakini njiani kwenda Mtambwe ikazimika, na kila ikipumzishwa huwaka kisha huzima tena. Kijana alipofungua kifuniko cha tangi kikavuta hewa, fsss! Kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko kilikuwa kimezibwa na nyumba ya nyigu. Hewa isipoingia, mafuta hayashuki. Tukaukwangua ule udongo, na tangu siku hiyo anakwenda na kurudi.

Kwa hiyo nawaomba mafundi: kabureta ya zamani ifungueni kwanza, muichungulie juani. Walimu wa mafunzo ya amali, wafundisheni vijana kazi hii, maana naona wengi wanajua kubadilisha tu. Nanyi wenye vyombo, kabla ya kukilaza chombo, kausheni tangi, mpake mafuta ndani, na mfunge koki muiache injini ingurume mpaka izimike yenyewe, kabureta ibaki kavu.

Ile kabureta mpya bado ninayo kabatini. Fundi aliyetuuzia akiisoma barua hii, aje tuzungumze. Sina ugomvi naye.

Mshonaji,
Jadida, Wete, Pemba