Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wa umoja wetu wa mawakala wa bima: wateja wenye biashara tunawatoa wapi

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo habari zenu. Samahani taarifa imechelewa, nimekuwa kwenye mahangaiko ya kuhuisha leseni TIRA, mamlaka ya bima, kama wengi wenu. Mambo ya hela mweka hazina atayasoma mwenyewe Jumamosi. Mimi naongelea jambo moja tu lililotukalisha vikao vingi mwaka huu, yaani wateja wenye biashara zao, sio wa gari binafsi tu.

Wengi wetu tunaishi kwa stika za bima ya magari. Thedi pati, ile bima ya kumlipa mtu mwingine uliyemgonga, kwa gari dogo la mtu binafsi ni 100,000 na VAT juu yake, kamisheni ya hapo mnaijua wenyewe, toa nauli toa bando uone umebaki na nini. Na tangu stika zihamie kwenye mfumo mteja anakatiwa na yeyote kwenye simu, hana sababu ya kukumbuka jina lako. Mabenki nayo yanauza bima siku hizi. Mwenzetu mmoja kamhudumia mwenye mashine ya kusaga miaka kadhaa, siku kaenda kukopa akaambiwa bima anakata humo humo, mteja kaondoka hivyo. Iliniuma kama vile alikuwa wangu.

Ndio tukakubaliana kila mtu achague mtaa mmoja au biashara ya aina moja akae nayo, sio leo Tegeta kesho Mbagala. Kuna waliolalamika kwamba ni kujibana, nawaelewa, ila waliovumilia ndio wameongeza wateja wa maduka na magodauni na hilo siwezi kulificha.

Naomba niwaeleze ya dada yetu mmoja wa Kariakoo maana ndio imenifundisha zaidi. Duka la mteja wake wa vitenge lilishika moto usiku, hitilafu ya umeme. Kulipokucha yuko pale. Akamsindikiza polisi, akafuatilia ripoti ya Zimamoto, wakakaa chini na daftari la stoo na risiti za EFD, mkadiriaji wa hasara alipokuja akakuta karatasi zimepangwa. Shida ikawa moja, mzigo dukani ulikuwa wa milioni 80 na bima ilikatwa ya milioni 40, kwahiyo hasara ya milioni 20 ikalipwa milioni 10 tu, kwa kuwa alikatia nusu ya thamani analipwa nusu ya hasara, ndivyo mkataba unavyosema. Dada alimwambia mteja ukweli huo siku ya kwanza kabla kampuni haijamwambia. Mteja aliumia lakini hakumkasirikia, na majirani zake wawili walipiga simu wakitaka wahesabiwe mizigo yao upya, mmoja hakuwa na bima kabisa. Hakuna kipeperushi kilichotuletea mtu wa namna hiyo mwaka huu. Sasa nawaomba jamani, kleimu, yaani madai ya fidia, ya mteja wako usimwachie ahangaike na kampuni peke yake, na kama kampuni inazungusha bila sababu yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, mpeleke.

Tangu lile ghorofa lianguke Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 wafanyabiashara wanauliza wenyewe, mlango uko wazi, ila tusiahidi ovyo. Bima ya moto sio bima ya kila kitu, jengo kuporomoka lenyewe ni swali la kuuliza kampuni kwanza kwa maandishi ndio umjibu mtu.

Wanaoagiza mzigo China nao bado hatujawafikia vya kutosha. Sheria inataka mzigo unaoingia nchini ukatiwe bima kwa kampuni za hapa, lakini wengi wananunua bei ambayo muuzaji wa kule kashaweka bima yake ndani na hata hawajui. Muulize tu, bei yako ni CIF (usafiri na bima vimo ndani) au FOB (havimo)? Swali hilo moja linafungua maongezi ya nusu saa. Makandarasi wadogo pia, akishinda zabuni kwenye NeST, ule mfumo wa manunuzi ya serikali, anatafuta dhamana ya utekelezaji (ya kwamba kazi ataimaliza) haraka haraka na bima ya mradi, ukimsaidia hapo hapo kesho anakuletea na magari yake.

Yaliyonikera mawili. Kuna wanaomrudishia mteja sehemu ya kamisheni ili amkimbie mwenzake, mnaua bei na mnauana wenyewe, kwenye umoja huu sitaki. La pili orodha za namba za simu za kununua. Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, na mtu ukimpigia hajui namba yake umeitoa wapi anakuona tapeli kabla hujasema neno bima. Hata ukifika mwenyewe dukani usiende saa nne mzigo unashushwa, nenda jioni, nunua kitu, uliza biashara ikoje, fomu ibaki kwenye begi mpaka aiulizie.

Jumamosi kila mmoja aje na jina la mtaa wake na mteja mmoja wa biashara ambaye mkataba wake unaisha ndani ya miezi mitatu, tukae wawili wawili tupitie kiasi alichokatia kama bado kinalingana na mzigo alionao. Dada wa Kariakoo kakubali kuja na mafaili yake.