Usinywe dawa za kuongeza kinga

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Natumai uvimbe wa miguu umepungua.

Majibu uliyonitumia nimeyasoma yote. Naona kinachokutia hofu ni limfosaiti, yaani chembe nyeupe za kinga, kuwa chini, na C3, protini ya kinga iliyo damuni, nayo chini. Kisha jirani akakwambia kinga imeshuka, unywe dawa za kuiongeza. Mwenzangu, nakusihi usizinywe.

Kwenye lupasi yako, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wake yenyewe, limfosaiti hupungua damuni kwa kuwa kingamwili (protini za kinga za kushambulia) zako mwenyewe huziua, na nyingine hutoka damuni zikajazana ndani ya figo. Kinga yako haijalala. Ni askari waliogeuka. Seli B, aina moja ya limfosaiti, zinatengeneza kingamwili dhidi ya DNA yako, na hizo hunasa kwenye vichujio vidogo vya figo. Zikishanasa, C3 hutumika kwa wingi papo hapo, ndiyo maana kwenye damu inasoma chini. Vichujio vikiharibika protini hupita, nalo ndilo povu unaloliona chooni kila asubuhi. Sasa kinga ya namna hii uiongezee nguvu ya nini? Predinisoloni na maikofenoleti ulizopewa ni za kuituliza. Na haidroksiklorokwini usiiache hata siku unazojisikia mzima kabisa.

Kuna jambo limenipa matumaini makubwa. Mwaka 2021, madaktari wa Erlangen, Ujerumani, walitangaza habari za msichana wa miaka 20 ambaye lupasi yake ilishafika kwenye figo na dawa zikashindwa. Walichukua seli T zake, yaani limfosaiti zinazoweza kuua seli nyingine, wakazibadilisha maabara ziwinde kila seli yenye alama ya CD19, yaani seli B, kisha wakamrudishia. Protini ya mkojo ikashuka kutoka zaidi ya miligramu 2,000 hadi chini ya 250 kwa kila gramu ya kreatinini, taka ya kawaida ya mkojoni. Mwaka 2022 wakaeleza wagonjwa watano, wote wametulia bila dawa. Seli B zilirudi baada ya siku kama 110 kwa wastani, lakini zilirudi changa, na lupasi haikurudi nazo! Bado ni tiba ya majaribio, tena ghali mno, ila nimefurahi kwa ajili yako.

Ukitaka kupanga mtoto, mwambie daktari mapema. Maikofenoleti huharibu mimba. Kliniki ijayo ulizia protini ya mkojo imefika ngapi, unitumie jibu siku hiyohiyo.

Msalimie mama.

Wako akupendaye,
Neema