Mjomba, nimeziona nguzo zilizookotwa

Mjomba wangu, shikamoo.

Uliniambia nikifika penye jengo kubwa nisikuletee picha za mbele tu, maana mbele kila mtu huonesha. Nikutazamie pembeni, kwenye maungio, pale fundi alipofikwa na tatizo akalitatua. Barua hii ni ya maungio hayo. Naiandika hadharani kwa sababu wapo watoto wa waashi wengine, wa Lamu, wa Kilwa na wa hapo hapo Unguja, nao nataka waisikie.

Tulikuwa Sevilla, kusini mwa Hispania, mimi na mwenzangu wa safari, yule dada wa Marangu ninayesoma naye. Ilikuwa Februari, na alfajiri ile baridi ilitupenya mpaka mifupani. Tukapanda treni ya mapema kwenda Córdoba, na saa moja haikutimia tukawa tumeshateremka. Tulitaka kuwahi saa mbili u nusu, kwa kuwa asubuhi hiyo kwa muda wa saa moja watu huingia bila kiingilio katika ule Msikiti Mkuu, ambao kwa karne nyingi sasa ni kanisa kuu la mji.

Kwanza unapita uani, penye safu za michungwa. Wenyewe huliita tunda hilo naranja, nami nikazikumbuka narinji za Bibi. Kisha unaingia ndani, macho yanazoea giza, na hapo, Mjomba, nilisimama nikashindwa kwenda mbele. Nguzo, nguzo, nguzo. Zimebaki zaidi ya 850. Kila upande unaotazama zinakwenda mpaka zinapotea, na juu yake matao ya rangi mbili, nyekundu na nyeupe, kama kanga iliyoanikwa mstari mrefu.

Sasa nikwambie tatizo la fundi. Jengo hili lilianzishwa mwaka 785 na Abdulrahman wa Kwanza, kijana wa ukoo wa Bani Umayya aliyekimbia Sham baada ya jamaa zake kuuawa. Nguzo za sehemu ile ya kwanza nyingi hazikuchongwa kwa ajili ya msikiti. Zilichukuliwa kwenye majengo ya kale ya Warumi na ya Wavisigothi, watawala Wakristo waliokuwapo kabla ya Waislamu. Marumaru hii, mawe yale, nyingine nyeusi, nyingine za waridi, na urefu haulingani. Fupi ikainuliwa kwa kitako, ndefu ikazamishwa sakafuni. Hata hivyo zote zilikuwa fupi kwa ukumbi mpana namna ile. Dari lingekuwa chini, watu wangeswali kama wamo ghalani.

Fundi akafanya hivi: juu ya kila nguzo akasimamisha mguu wa mawe, kisha akapiga matao mawili, moja juu ya jingine. La juu ndilo linalobeba paa. La chini halibebi paa. Lipo hewani, linazishika nguzo zisiegemeane. Unapita mwanga, unapita upepo, na dari limekwenda juu. Nilikaa chini ya tao moja nikitazama tu, nikakumbuka unavyotukataza kutupa jiwe la nyumba iliyobomoka. "Jiwe lililokwishachongwa lina kazi ya mtu ndani yake." Wale waliijua kauli yako miaka 1,200 kabla hujaisema.

Nikatazama pembeni kama ulivyoniagiza. Katika sehemu za mwanzo, wekundu wa matao ni matofali halisi yaliyopishana na mawe. Ukifika upande aliouongeza waziri mkuu Al-Mansur mwishoni mwa karne ya 10, wa haraka na mkubwa kuliko nyongeza zote, wekundu ni rangi iliyopakwa juu ya jiwe. Ungesimama hapo ukatikisa kichwa, najua.

Mihrabu ni ya zamani za Khalifa Al-Hakam wa Pili, miaka ya 960. Mfalme wa Byzantium, dola ya Warumi wa mashariki, alimpelekea vipande vya kioo vya kupambia pamoja na fundi wa kuvipanga, na dhahabu ile bado inawaka. Maandishi yake ni khati ya Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu wenye pembe. Mimi khati hiyo niliiona kwanza katika msikiti wa Kizimkazi, huko Unguja, uliponipeleka nikiwa darasa la tano, ukanishika mkono ukanionesha mwaka 500 Hijria, yaani 1107, kwenye ukuta wa kibla. Kule Córdoba nilitamani nigeuke nikukute nyuma yangu.

Na katikati ya nguzo hizo, kanisa. Mji uliingia mikononi mwa Mfalme Fernando wa Tatu, Mkristo, mwaka 1236, na msikiti ukafanywa kanisa, ila kwa karibu miaka 300 sehemu kubwa ya nguzo iliachwa. Mwaka 1523 askofu na makasisi wakataka kujenga kanisa refu katikati. Sikiliza hili: halmashauri ya mji, Wakristo watupu, ilipinga. Ikatangaza kwamba mwashi, seremala au kibarua yeyote atakayegusa kubomoa, adhabu yake ni kifo. Kesi ikafika kwa Mfalme Carlos wa Tano, naye akawapa ruhusa wajenzi. Inasemekana alipokuja kuona baadaye alijuta.

Aliyepewa kazi ni Hernán Ruiz. Baada yake mwanawe, kisha mjukuu, wote jina moja. Mimi naona uchungu kwa nguzo zilizong'olewa, siufichi. Lakini nikiwatazama mafundi hao, walilichomeka jengo lao ndani ya lile la kwanza bila kuliangusha lililobaki, na huo si ufundi mdogo. Siku ile Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoporomoka, ulikaa barazani mpaka magharibi husemi na mtu. Pale Córdoba nilielewa zaidi ulikuwa unaomboleza nini.

Mwenzangu ni Mkatoliki. Alipiga magoti kanisani akasali muda mrefu. Kuswali kwa Kiislamu humo hakuruhusiwi, basi nilisimama kando ya nguzo nikasoma Fatiha moyoni. Tulipotoka aliniambia amemwombea marehemu Mama. Sikuweza kumjibu, nilimshika mkono tu, tukaenda hivyo mpaka daraja la Warumi, juu ya mto Guadalquivir, jina lililotokana na Kiarabu, wadi kubwa.

Mchana tulipita mtaa wa Wayahudi, tukaona sinagogi dogo la mwaka 1315, na sanamu ya Ibn Rushd, mwanafalsafa aliyezaliwa mji huo mwaka 1126. Tulikula supu nzito ya nyanya, ya baridi, inaitwa salmorejo. Ni mkate, nyanya, thumu na mafuta ya zeituni, basi.

Jioni tukarudi Sevilla tukapanda Giralda. Ulikuwa mnara wa msikiti, uliokamilika 1198, sasa ni mnara wa kengele. Karibu njia yote hadi juu hapana ngazi, ni mwinuko wa taratibu, vipande 35, na husemwa ilikuwa ili muadhini apande juu ya mnyama. Magoti yako yangeweza, Mjomba. Na sehemu ya kengele juu kabisa aliijenga nani? Yule Hernán Ruiz wa pili, mwana. Fernando mwenyewe kazikwa kanisani chini yake, na kaburi lake lina maandishi ya Kilatini, Kihispania, Kiarabu na Kiebrania.

Picha za maungio nimezituma kwa simu ya dada yangu hapo nyumbani, atakuonesha. Ipo moja ya nguzo mbili jirani, hazilingani unene wala rangi. Nambie: ukiletewa rundo kama lile, hakuna mbili zilizo sawa, ungeanza kusimamisha ipi, fupi au ndefu? Nitakupigia Ijumaa baada ya swala.