Barua kwa wanangu wa Newala na Tandahimba mnaowafungisha wazee kula siku tatu

Marahaba wanangu, najua mngeanza na shikamoo kwaiyo naitikia kabisa.

Hela za mnada wa korosho zikishaingia tu kwenye akaunti, na wauza dawa nao hao. Safari hii wamekuja na otofaji, yaani seli kujisafisha zenyewe. Kwenye magrupu ya wasap ni klipu juu ya klipu, funga masaa 72, kunywa hii chupa, seli zinajisafisha, uzee unarudi nyuma, kisukari kwisha habari, na nyie mnawarushia mama zenu huko vijijini. Mimi nimefanya unesi mpaka nikastaafu, nisikilizeni kidogo.

Otofaji yenyewe ni kweli, sio uganga. Ndani ya seli kuna vitu vinachakaa, protini zilizojikunja vibaya, mitokondria mbovu (vile vinavyoipa seli nguvu), basi inatokea ngozi nyembamba inavizungushia mpaka inakuwa kifuko, kile kifuko kinaenda kuungana na lisosomu, kifuko kingine chenye vimeng'enya, vinavunjwavunjwa humo alafu vipande seli inavitumia tena, kama fundi anavyochinja pikipiki mbovu apate spea. Christian de Duve wa Ubelgiji aliipa jina mwaka 1963, badae Mjapani Yoshinori Ohsumi akazipata jeni zake kwenye hamira, hamira hii hii ya maandazi jamani, akapewa Nobel 2016.

Na umri ukienda kazi hiyo inalegea, hilo nalo kweli. Balaa zaidi liko kwenye ubongo, seli za neva nyingi hazigawanyiki tena kwaiyo taka zinakaa nazo tu. Wenye Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, na Parkinson, ule wa kutetemeka, wanakutwa na mirundo ya protini kichwani, na wapo wanaopata Parkinson mapema sababu jeni ya PINK1 au Parkin imeharibika, na hizo ndo zinasaidia seli kujua mitokondria ipi itupwe. Mkiona babu kakaa tu mkono unatetemeka, msianze kutafuta nani kamroga, mpelekeni hospitali.

Sasa kufunga. Ukikaa na njaa insulini inashuka, protini inaitwa mTOR inayoizuia otofaji inapoa, kazi inaanza. Kwa panya imeonekana vizuri, hata kuwakimbiza tu inaiwasha. Ila kwa binadamu hamna kipimo cha kliniki cha kukwambia saa ngapi imewaka, anayekutajia saa ana kitu cha kuuza. Alafu kuna ambalo klipu hazisemi, saratani ikishaota mizizi seli zake nazo zinaweza kuitumia otofaji hiyo hiyo kujilisha, ndo maana wapo watafiti wanaotafuta namna ya kuizima.

Juzi kati kaletwa mama mmoja hapa kwangu na bodaboda, mwanae kamshikilia kwa nyuma asidondoke, kanga imelowa jasho, ananiita kwa jina la dada yake marehemu. Ana kisukari, anameza glibenklamaidi, vidonge vya kushusha sukari, siku ya pili hali kitu na vidonge anaendelea navyo! Kupima sukari, 2.1, imeshuka mno. Bahati alikuwa bado anaweza kumeza, tukampa maji ya sukari, baada ya muda akaanza kuuliza ndala zake ziko wapi. Angekuwa kazimia ni hospitali moja kwa moja, usimmiminie mtu kitu mdomoni akiwa hajitambui.

Na wazee wetu wengi wembamba tayari. Mtu ana miaka 75, chakula chake ming'oko, ile mizizi ya porini, na chai ya rangi, ukimfungisha siku tatu unamla misuli iliyobaki, kesho anaanguka chooni kiuno kimevunjika. Huyo anataka mbaazi, kunde, samaki, na atembee asubuhi mpaka shambani na kurudi, ile hela ya chupa inatosha kabisa kununua samaki.

Ramadhani ikikaribia, mwenye insulini au vidonge vya sukari apite kliniki mapema na daftari lake, waangalie kama anaweza kufunga na dozi waipange upya. Na kama hapo nyumbani kuna mzee kaanza siku tatu zake jana, mpikieni uji sasa hivi.